Bakswingi Ikikusumbua: Anza na Dalili, Usianze na Kichwa

Mpira wa gofu ukiishia kichakani, wenzako mliotoka nao watakupa jibu moja: "Umeinua kichwa." Ukipiga udongo, umeinua kichwa. Ukikata kulia, umeinua kichwa. Kedi anayekubebea fimbo naye, kwa adabu, ataitikia: "Kweli mzee, ni kichwa." Kichwa cha mcheza gofu kinabebeshwa lawama zisizo zake. Mara nyingi huinuka kwa sababu mwili umeshakosea fimbo ikiwa bado inapanda nyuma, yaani kwenye bakswingi, nacho kinaufuata tu ili usipoteze mhimili.

Hapa chini tafuta dalili inayofanana na yako, kisha pita sababu moja baada ya nyingine. Zinazoonekana sana zimetangulia, za nadra ziko mwisho, na kila mahali kipimo chepesi kinakuja kabla ya tiba nzito. Maelezo ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wenye shoto mgeuze. Na urekebishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili mshiko, miguu na mabega asubuhi moja, mpira ukinyooka hutajua kilichokuponya, na ukizidi kupinda hutajua kilichokuharibu.

Kabla ya dalili yoyote

Makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya bakswingi yameshatendeka fimbo haijasogea hata kidogo. Shika aironi (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7, simama kana kwamba unapiga, kisha tazama mkono wako wa kushoto. Unatakiwa kuona vifundo viwili vya vidole, pengine viwili na nusu. Ukiona kimoja tu, mshiko ni dhaifu na uso wa fimbo, ule upande unaogonga, utakuja wazi kwenye mpira, yaani ukitazama kulia. Ukiona vinne, umezidisha upande wa pili. Fimbo ilale kwenye vidole, isipite katikati ya kiganja.

Pili, mwelekeo. Laza fimbo moja chini ikigusa ncha za viatu, rudi nyuma hatua chache uone inakoelekea. Wengi huilenga bendera ya shimo kwa miguu. Lakini mpira uko mbele ya miguu, kwa hiyo mistari hiyo miwili iende sambamba, na wa miguu upite kidogo kushoto mwa bendera. Mikono ining'inie chini ya mabega, na kati ya ncha ya gripu (sehemu ya kushikia fimbo) na mapaja pabaki nafasi ya ngumi moja na ushei.

Tatu, fimbo zenyewe. Wengi wetu huanza na seti ya mtumba au ya kurithi, iliyotengenezwa kwa mwanamume mrefu mwenye nguvu. Mama mfupi au kijana akipewa shafti (ufito wa fimbo) ndefu na ngumu vile, hulazimika kusimama wima na kuizungusha fimbo kiunoni, na hakuna zoezi litakalomnyoosha. Jipime: shika chini ya kawaida kwa inchi moja hivi, piga mipira kadhaa. Ukigusana nayo vizuri zaidi, tatizo lina dalili zote za kuwa kwenye urefu wa fimbo. Angalia gripu pia. Raba iliyokwisha hung'aa na kuteleza, na kwa jasho la pwani ndiyo balaa kabisa: unaibana kwa nguvu, mikono inakakamaa, bega halizunguki. Kabla ya kulipia somo, badilisha gripu.

Mwisho, simu. Iegemeze kwenye mfuko wa fimbo kwa kimo cha mikono yako, mara moja ikiwa nyuma yako ikitazama unakolenga, mara moja ikitazama kifua. Rekodi kwa mwendo wa polepole. Unachohisi unafanya na unachofanya vimeachana mbali, na karibu kila mtu hushtuka akijiona mara ya kwanza.

Dalili: mpira unaanza vizuri, kisha unakata kulia

Hii ndiyo slaisi, mfalme wa malalamiko. Mpira huanza safari ukielekea zaidi kule uso wa fimbo ulikotazama wakati wa kugusana, kisha hupinda kwa sababu ya tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo imepitia. Ukikata kulia, maana yake uso ulikuwa wazi ukilinganishwa na njia. Hapo watu hufanya dawa ya kienyeji: wanageuza miguu kushoto zaidi. Fimbo nayo inafuata miguu kushoto, tofauti inaongezeka, na slaisi inanona.

Ukishauthibitisha mshiko kama nilivyosema juu, sababu inayofuata ni fimbo kuvutwa ndani mapema. Mikono inaizungusha nyuma ya paja la kulia tangu mwanzo. Ikifika juu haina pa kwenda, basi wakati wa kushuka inatupwa nje, inakuja kuukata mpira kutoka nje kwenda ndani. Kwenye video ya nyuma, simamisha picha shafti inapokuwa sambamba na ardhi. Kichwa cha fimbo kinatakiwa kuifunika mikono au kuwa nje yake kidogo. Ukikiona kimejificha nyuma ya mgongo wako, umempata mwizi. Tiba ni mpira wa pili: uweke sentimita 30 hivi nyuma ya ule unaolengwa, kwenye mstari uleule, na unapoanza kuvuta uusukume ubingirike moja kwa moja kwenda nyuma. Fanya hivyo polepole bila hata kupiga. Ukiukosa huo mpira wa nyuma, ulishaanza kuzungusha.

Picha hiyohiyo itakuambia hali ya uso. Shafti ikiwa sambamba na ardhi, ncha ya kichwa cha fimbo itazame juu, au uso uiname kidogo kuelekea mpira. Ukitazama mbinguni, vifundo vya mikono yako vimeuzungusha, na una nafasi ndogo tu ya kuurudisha.

Sababu ya tatu ni bega lisilogeuka. Kwa wachezaji wa kulipwa mabega huzunguka takriban nyuzi 90 na nyonga karibu nusu ya hapo. Mchezaji wa wikendi aliyekaa ofisini juma zima huinua mikono tu, akaona imefika juu, akadhani kazi imekwisha. Kipimo: bana fimbo kifuani kwa mikono iliyopishana, inama kama kawaida, geuka. Upande wa kushoto wa fimbo hiyo ulenge kwenye mpira au nyuma yake kidogo. Kama mwili unagoma, fungua ncha ya mguu wa kulia nje kidogo. Bado unagoma? Ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke. Kuna makocha wanaolichukia hili, mimi si mmoja wao: Jack Nicklaus alichukua mataji makuu 18 huku kisigino chake kikipanda, na wewe nyonga zako si laini kuliko zake.

Ya nne, na ya nadra kiasi, ni kifundo cha mkono wa kushoto kukunjika kwenda nyuma fimbo ikiwa juu. Chomeka rula ya shule chini ya mkanda wa saa, ilale juu ya mgongo wa mkono. Panda polepole hadi juu. Rula ikikuchoma mgongoni mwa kiganja, kifundo kimekunjika na uso umefunguka. Hapa ndipo pa kusimama. Kukinyoosha kifundo ni kazi ya kufanywa kocha akiwa pembeni, kwa sababu ukikinyoosha bila kugusa mshiko na njia ya fimbo, utahamia kupiga kushoto kabisa na hutajua urudi vipi.

Dalili: unapiga udongo kwanza, au unakwangua kichwa cha mpira

Watu huziona kuwa dalili mbili, kumbe zina mzazi mmoja: mahali fimbo inapofikia chini kabisa pamehama. Siku ya mvua utachimba, siku ya kiangazi ardhi ikiwa ngumu fimbo itadunda na kuukwangua mpira, kosa likiwa lilelile. Viwanja vya nyanda za juu vyenye nyasi za kikuyu havina huruma hapa. Nyasi hizo ni nene, zinakamata kichwa cha fimbo na kukizuia, ukichelewa hata vidole viwili nyuma ya mpira basi umekwisha.

Hakikisha kwanza mpira uko mahali pake: kwa aironi namba 7 uwe karibu na katikati ya miguu, kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) uwe mkabala na kisigino cha kushoto. Hapo ukiwa sawa, mtafute anayeyumba. Badala ya nyonga kugeuka, inateleza kulia, mwili wote unahama, kisha unatakiwa kurudi mahali pale pale kwa chini ya sekunde moja. Nani ataweza? Simika mwavuli ardhini nje ya nyonga ya kulia, nafasi ya kidole tu kati yao, halafu panda bila kupiga. Ukiusukuma, unayumba. Miguu nayo husema: uzito ukiwa juu ya ukingo wa nje wa kiatu cha kulia, umeshapita. Weka mpira mzee chini ya ukingo huo wa nje, upande wa kisigino, ufanye mazoezi hivyo. Utalazimika kubaki ndani ya mguu.

Kinyume chake ni uzito kubaki kushoto. Fimbo inapanda, kiwiliwili kinaegemea upande wa bendera, na wakati wa kushuka mwili unaanguka nyuma. Kipimo chake ni kifupi: panda hadi juu, tulia, jaribu kunyanyua mguu wa kushoto. Ukishindwa, uzito wako wote uko hapo. Na sasa turudi kwa wale wenzako. Kosa hili mara nyingi wameliotesha wenyewe, kwa amri ya "usisogeze kichwa." Mtu anakikaza kichwa kama amewekewa bamba shingoni, mabega yakitaka kuzunguka hayapati nafasi, basi mgongo unapinda kuelekea kushoto ili fimbo ipate kupanda. Tazama wachezaji wakubwa wakipigwa picha kutoka mbele: wengi wao kichwa husogea kulia kidogo wakati wa kupanda, hasa wakiwa na draiva. Kiache. Macho yaendelee kuuona mpira, yanatosha.

Ikibaki, angalia kimo. Kuna anayenyoosha goti la kulia hadi likakaza na kuinuka mwili mzima, kisha akazama wakati wa kushuka. Simama na makalio yakigusa ukuta, mikono imekunjwa kifuani, geuka kama unayepanda. Kalio la kulia liendelee kugusa ukuta. Likiachana nao, umesimama wima. Goti la kulia kunyooka kidogo si dhambi. Tatizo ni mgongo kuacha mwinamo wake. Zoezi hili linafaa hata sebuleni, watoto wakicheka.

Dalili: fimbo inapita mno juu na hujui itashukia wapi

Usikimbilie kuifupisha. John Daly aliipeleka fimbo mbali kupita sambamba na ardhi, akatwaa ubingwa wa PGA mwaka 1991. Jon Rahm huishia mapema sana, akachukua mataji makuu ya US Open 2021 na Masters 2023. Urefu si ugonjwa. Ugonjwa ni jinsi ulivyoufikia.

Wa kwanza kushukiwa ni vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto. Vikifunguka juu, fimbo inaongezeka urefu peke yake. Chomeka kipande cha jani kati ya kiganja cha kushoto na gripu, panda hadi juu. Likidondoka, mshiko umeachia. Wa pili ni kiwiko cha kushoto kilichokunjika; hapo bega limeshamaliza safari yake lakini mikono bado inatafuta nguvu. Kiwiko si lazima kinyooke kama fito, na ukikikaza utapata matatizo mapya, ila kisikunjike hadi kufikia pembe. Unapohisi bega la kushoto limefika chini ya kidevu, umefika.

Kisha haraka. Wachezaji wazuri hutumia muda wa karibu mara tatu wakipanda kuliko wakishuka. Hesabu moyoni: moja, mbili, tatu ukipanda, nne ukigonga. Hideki Matsuyama, aliyeshinda Masters 2021, anajulikana kwa kutulia juu kabla ya kushuka. Kutulia huko si lazima ukuige mashindanoni, lakini mazoezini kunamfichua haraka anayeanza kushuka kabla hajamaliza kupanda.

Dalili: shenki

Mpira umegongwa na shingo ya fimbo, unaruka kulia pembeni kwa kasi. Kabla ya lolote, hakikisha hakuna mtu amesimama upande huo. Paka chaki kwenye uso wa fimbo uone ulipogongea. Mara nyingi umesimama karibu mno au uzito umekimbilia vidoleni unapopanda, mwili ukasogea kuelekea mpira. Mara chache ni ule uvutaji wa ndani tuliouona kwenye slaisi, fimbo ikatupwa nje. Jaribu kutikisa vidole ndani ya viatu ukiwa juu ya bakswingi. Visipotikisika, umevielemea. Weka kisanduku chepesi cha mipira nje kidogo ya mpira, upige bila kukigusa. Shenki tatu zikifuatana, weka fimbo chini, kanywe chai. Kuendelea kupiga ndoo nzima ukiwa katika hali hiyo ni kuufundisha mwili kosa.

Dalili: mpira unanyooka lakini hauendi mbali

Kwanza jiulize uko wapi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira hupaa mbali. Mchezaji wa Karen au Muthaiga, Nairobi, akishuka Nyali kule Mombasa, au akiingia Gymkhana ya Dar es Salaam, anaweza kuhitaji fimbo ya kupiga mbali zaidi kwa namba moja ili afike umbali uleule. Usiivunje bakswingi yako kwa sababu ya hewa ya bahari.

Kama uko nyumbani na umbali umepungua, pima bega kama tulivyofanya kwenye slaisi, halafu legeza mshiko. Kukaza kupita kiasi kunazuia vifundo vya mikono visikunjike wakati fimbo inapanda, na kasi nyingi inatoka hapo.

Dalili: unaumia

Hapa hakuna kujaribu. Maumivu ya kiuno yanayorudi kila ukigeuka, au yanayoshuka mguuni kwa ganzi, yanakutoa uwanjani hadi umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Ganzi ikifika sehemu za siri au ukashindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo. Maumivu kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole kidogo, hasa baada ya kupiga mzizi au ardhi ngumu, usiyapuuze. Ncha ya gripu hukaa papo hapo, na kuna kijimfupa hapo kinachovunjika kwa wacheza gofu bila uvimbe wa kutisha. Omba kipigwe picha. Kiwiko kinachouma upande wa ndani kinataka mapumziko na mazoezi ya uangalizi, hakitaki dawa ya kuchua kisha mashimo 18.

Watu hupenda kumtaja Tiger Woods, aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo Aprili 2017 na kushinda Masters 2019. Wanasahau kwamba kabla ya ushindi huo alikaa nje, akaanza upya kwa mipira mifupi.

Lini umwite kocha

Kama umefuata dalili moja kwa wiki mbili tatu na video haionyeshi mabadiliko, au dalili mbili zinapokezana, leo slaisi, kesho kushoto, nenda kwa pro wa klabu, yaani mwalimu wake wa kulipwa. Mpelekee zile video na umwambie ulichokwisha jaribu. Atakuokolea somo zima. Mtoto anayeanza apelekwe mapema, na kwa fimbo za kimo chake.

Kama kila kitu ni sawa mazoezini lakini kinavurugika mashindanoni, kabla ya kuilaumu bakswingi angalia mwelekeo na mwendo: uwanja wa mazoezi una mkeka ulionyooka unaokupangia miguu bila wewe kujua, kozi haina. Kwenye raundi huruhusiwi kulaza fimbo chini ikuongoze unaposimama kwenye mpira, adhabu katika mchezo wa kuhesabu mikwaju ni miwili, na kuiondoa kabla ya kupiga hakukuokoi. Badala yake chagua jani au doa mita moja mbele ya mpira, upange uso wa fimbo kwa hilo, miguu ifuate.

Na mwenzako mnayeshindana naye akianza kukufundisha katikati ya raundi, mnyamazishe kwa upole. Kanuni ya 10.2 inakataza kumshauri mshindani namna ya kupiga, na anayekiuka katika mchezo wa kuhesabu mikwaju huongezewa miwili. Ukimwuliza wewe, inakuangukia wewe. Kama hamchezi kwa jozi, anayeruhusiwa kukushauri ni kedi wako peke yake, na kama amekubebea mfuko tangu mwaka jana, anaijua bakswingi yako kuliko wote mliotoka nao. Mwulize yeye, na umwombe asikujibu "kichwa."